Risasi Isiyo na Mlio

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini mazito ya rangi ya kijivu yanayowekwa ndani ya betri za magari. Wakazi wa Owino Uhuru, kijiji cha mabati na udongo kilichobanana huko Mikindani katika kaunti ya Mombasa, wameijua maana ya neno hilo kwa namna ambayo kamusi haikuieleza. Hawakupigwa risasi. Waliivuta kwa pumzi, wakainywa katika maji, na akina mama wakawanyonyesha watoto wao. Na kwa kuwa haikuwa na mlio, hakuna aliyekimbia.

Wapo wasomaji wetu watakaouliza: jarida lililozaliwa katika harakati za vyama vingi lina kazi gani na moshi wa kiwanda? Je, si afadhali kuwaachia madaktari na wahandisi mambo hayo, nasi tuendelee na tume ya uchaguzi, katiba na kura? Swali hilo ni halali, na tunalijibu bila kuzunguka. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukushangilia kwa sababu tulipenda wingi wa bendera na rangi za vyama. Tulishangilia kwa sababu tuliamini kwamba tangu siku hiyo mwenye kushika muhuri wa serikali atalazimika kumjibu mwananchi amwulizaye, ‘Umeutia muhuri huo wapi, na kwa nini?’ Mahali ambapo swali hilo halijibiwi, hata vikiwapo vyama mia, mfumo wa chama kimoja bado unaishi. Owino Uhuru ni mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa miaka mingi na jibu likakataa kuja.

Habari yenyewe ni hii. Katika mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi kilianza kazi ubavuni mwa kijiji hicho, ukuta wake ukitenganishwa na nyumba za watu kwa hatua chache tu. Betri zilizokwisha nguvu zililetwa, zikapasuliwa, tindikali ikamwagwa, na vipande vya risasi vikatiwa katika tanuu. Kampuni hiyo ilikuwa na hadhi ya EPZ, yaani ya wale waliopewa msamaha wa kodi kwa miaka kumi ili wazalishe bidhaa za kuuzwa ng’ambo. Kwa hiyo madini safi yaliondoka kupitia bandarini, fedha zikafuata njia yake, na kilichobaki kwa wenyeji kilikuwa ni moshi, vumbi na majivu. Mabati ya nyumba yalitoboka. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka katika mabati hayohayo ndiyo yaliyopikiwa uji wa watoto.

Ni vyema tueleze kidogo namna madini haya yanavyofanya kazi mwilini, kwa sababu wenye viwanda hupenda kusema kwamba wananchi hulalamika bila elimu. Mwili wa binadamu huidhania risasi kuwa ni chokaa ya mifupa. Huipokea, huisafirisha kwa damu na kuihifadhi katika mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke anapopata mimba, ile iliyohifadhiwa huamka na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyekula kiasi kilekile, na ubongo wake ungali unajengwa. Anaweza kuumwa na tumbo, kupungukiwa damu au kupatwa na kifafa. Lakini mara nyingi haonyeshi lolote, isipokuwa kwamba darasani anashindwa na yale ambayo wenzake wanayaweza, na mwalimu anamwita mvivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kwamba damu ikionekana kuwa na maikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Tena likasisitiza kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo kwa waliozidiwa sana, lakini ubongo uliokwisha kudhurika haurudishwi na dawa yoyote.

Kwa hiyo anayesema ‘subirini kwanza tufanye utafiti’ huku tanuu zikiwaka, hajasema neno la kisayansi. Amechagua nani abebe gharama ya kusubiri.

Mtu wa kwanza kupata fununu ya mambo haya kutoka ndani alikuwa Bi. Phyllis Omido. Aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009 kushughulikia uhusiano wake na wananchi. Katika kazi hiyo alihusika na tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira, na ushauri uliotokana nayo haukuwapendeza wakubwa wake. Haukupita muda mrefu mwanawe mchanga akaugua ugonjwa usiojulikana, na vipimo vilipofanywa ilionekana kwamba ana risasi katika damu. Mama aliacha kazi. Angeweza kuhama na kunyamaza, kama wengi wetu tunavyofanya. Badala yake aliwaomba majirani wawapime watoto wao pia, na matokeo yakawa yaleyale.

Kilichofuata hakitawashangaza wasomaji waliokuwapo katika miaka ya tisini. Barua ziliandikwa, zikapokewa, zikawekwa. Watu walikwenda ofisi hii wakaambiwa suala ni la ofisi ile. Walipofika ofisi ile wakaambiwa mhusika yuko semina. Walipoamua kuandamana, dola iliyokuwa haina gari la kuwapeleka watoto hospitalini ikapata magari ya kutosha ya polisi. Mwaka 2012 Bi. Omido alikamatwa pamoja na wanakijiji wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi. Korti ilimwachilia. Lakini hebu tupime jambo hili: mama anayesema kwamba mtoto ana sumu katika damu huitwa mchochezi, na mwenye tanuu huitwa mwekezaji. Ni msamiati uleule tuliousikia wakati padri aliyeomba uchaguzi wa haki alipoambiwa kwamba anahubiri siasa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, miaka saba baada ya kuanza, na mwaka 2015 Bi. Omido akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Ulimwengu ulimsikia kabla ya Mombasa kumsikia, na hilo ni aibu yetu.

Kesi iliwasilishwa na shirika lake, CJGEA, pamoja na wakazi, kwa niaba ya watu wapatao elfu tatu. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilitoa hukumu: wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe katika miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Serikali ilikata rufani. Juni 2023 Mahakama ya Rufani ilikiondoa kiwango hicho cha fidia na kutaka kisikilizwe upya. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakirudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowashwa alikuwa na umri wa miaka kumi na saba siku Mahakama ya Juu iliposema neno lake.

Tunaipongeza hukumu hiyo, na hasa tunalipongeza jambo moja lililomo ndani yake ambalo magazeti mengi yaliliruka. Ile mahakama ya Mombasa haikusema tu kwamba kampuni imekosa. Iligawanya lawama kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, ililitia juu ya NEMA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 kwa kazi moja tu ya kuyalinda mazingira. Wizara ya Mazingira ilipewa asilimia 10, Wizara ya Afya asilimia 10, na mamlaka ya EPZ asilimia 10. Kampuni yenyewe ilibebeshwa asilimia 25, na mwenye kiwanja alichokikodisha asilimia 5. Kwa maneno mengine, mbwa aliyefugwa alinde boma alilaumiwa kuliko fisi.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Ukijumlisha mafungu ya ofisi za serikali unapata asilimia 70, yaani shilingi milioni 910 kati ya bilioni 1.3. Fedha hizo hutoka wapi? Hutoka katika kodi. Mama wa Owino Uhuru anunuapo sabuni dukani anachangia kodi, na kodi hiyo ndiyo itakayomlipa yeye fidia ya sumu aliyopewa. Hukumu ya madai huitoza ofisi, haimgusi mkononi yule aliyeketi mezani, akaifungua kalamu, akatia sahihi. Yeye hupandishwa cheo, huhamishwa au hustaafu na malipo yake kamili. Mpaka siku ambayo sahihi ya ofisa wa umma itakuwa na mwenyewe, ofisi zitaendelea kulipa na maofisa wataendelea kutia sahihi.

Waumini wanalijua shauri la Nabothi katika kitabu cha Wafalme. Tukisoma habari ile, huwa tunamtazama Ahabu aliyelitamani shamba na Yezebeli aliyepanga njama, tukasahau barua. Nabothi hakuuawa kwa upanga wa mwizi usiku. Ziliandikwa barua, zikatiwa muhuri wa mfalme, zikapelekwa kwa wazee wa mji wake mwenyewe. Wazee wakazisoma, wakaitisha mkutano kwa utaratibu kamili, wakaleta mashahidi, na kila kitu kikaonekana kuwa halali. Wazee wale hawakupata shamba. Walifanya walivyoandikiwa, basi. Sisi tunaona kwamba nchi yetu ina akina Ahabu wachache na wazee wa namna hiyo wengi mno, na baadhi yao huketi viti vya mbele siku ya Jumapili.

Tungependa kusema kwamba Owino Uhuru ilikuwa ni somo lililofundishika. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, miaka mitatu na nusu baada ya hukumu ya Mombasa, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu wakafa, mamia wakaungua, nyumba na magari yakateketea. Asubuhi yake ilijulikana kwamba mamlaka ya kawi ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu katika mwaka 2023, kwa kuwa ni mtaa wenye watu wengi na michoro haikuonyesha umbali wa usalama. NEMA kwa upande wake ilikiri kwamba leseni ya mazingira ilitolewa kinyume cha utaratibu, ikawasimamisha kazi maofisa wake wanne. Mkono mmoja wa serikali ulikataa, mkono mwingine ukatoa, na kati ya mikono hiyo miwili walikuwa wamelala watu ambao hawakuambiwa lolote. Hakuna mpangaji wa Embakasi aliyewahi kubandikiwa mlangoni karatasi isemayo kwamba jirani yake amekataliwa mara tatu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Inasemwa kwamba wananchi wa siku hizi hawaamini serikali, kwamba kila kiwanda kikitangazwa huzuka uvumi, na kwamba uvumi huo unawafukuza wawekezaji. Waziri mmoja baada ya mwingine amelalamika hivyo, kana kwamba imani ni deni ambalo mwananchi amekataa kulilipa. Lakini nani aliyekopa nani? Imani hujengwa kwa taarifa zilizotolewa mapema na zikathibitika. Mahali ambapo vipimo vya damu huchelewa ofisini, ambapo ripoti huandikwa kwa Kiingereza kizito kwa ajili ya kijiji kinachoongea Kiswahili na Kijaluo, ambapo leseni hutoka kabla ya mkutano, uvumi ndio gazeti la pekee linalomfikia mwananchi. Hatuwezi kumlaumu kwa kulisoma.

Sheria si adui yetu katika jambo hili. Mara nyingi imekuwa mbele yetu. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka mwenye mradi mkubwa aitishe mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni. Sheria yenyewe inampa mwananchi muda wa kupeleka maoni yake. Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na katika kifungu cha 70 jambo ambalo wengi hawalijui: unaweza kwenda kortini kuyatetea mazingira bila ya kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameshaumia. Wazee wetu wa harakati wataikumbuka tofauti. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipokwenda Mahakama Kuu kulizuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, aliambiwa kwamba hana haki ya kushtaki, kwani hakuonyesha dhara lililompata yeye mwenyewe. Mlango uliofungwa mbele yake sasa uko wazi. Ni wangapi wameingia?

Na hapa tunawaelekea ndugu na dada zetu wa makanisa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa kwa virungu kutoka bustani hiyohiyo ya Uhuru, kanisa kuu la Watakatifu Wote liliwafungulia mlango, na hawakutoka humo hadi mwaka uliofuata. Kanisa halikusema kwamba hilo ni suala la wataalamu. Leo hatuombi makimbilio. Tunaomba dakika tano. Katika kila ibada kuna matangazo: ndoa, michango, kwaya itakayosafiri. Tangazo la NEMA kuhusu kiwanda kitakachojengwa mtaani lisomwe hapo pia, kwa Kiswahili chepesi, likitaja mahali ripoti inapopatikana na siku ya mwisho ya kupeleka maoni. Misikiti ya Pwani ifanye hivyo baada ya sala ya Ijumaa. Kila parokia ina mwalimu wa sayansi, muuguzi, pengine wakili. Wakutane jioni moja waisome ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa na kuuliza moshi utakwenda wapi, maji machafu yatakwenda wapi, na nani atapima.

Tunajua watakayotujibu. Watasema kwamba tunapinga maendeleo, na vijana wetu watasema kwa uchungu zaidi kwamba tunawanyima kazi. Vijana hao tunawaheshimu. Wapo wanaume wa Owino Uhuru waliofanya kazi katika tanuu zile wakijua kwamba kifua kinabana, kwa sababu njaa hubana zaidi, na hakuna mhubiri mwenye haki ya kuwakemea. Wala hatusemi kwamba betri zisiyeyushwe. Magari yapo, betri zitakufa, na afadhali ziyeyushwe mahali palipojengwa kwa kazi hiyo kuliko nyuma ya gereji za uchochoroni. Kinachotakiwa kinajulikana: kiwanda kiwe mbali na makazi, moshi upite katika vichujio, tindikali isafishwe isimwagwe mtaroni, mfanyakazi abadilishe nguo kabla ya kurudi kwa watoto wake, na damu yake ipimwe kwa wakati maalumu. Mambo haya hugharimu fedha. Kiwanda kisichoweza kuzitoa hakijaleta kazi. Kimemhamishia maskini gharama zake na kumlipa nauli ya kuzibeba.

Kwa hiyo tunaitaka serikali itekeleze yafuatayo kuhusu Owino Uhuru, na tunawaomba wasomaji wayarudie mbele ya wabunge na wawakilishi wa wadi wao. Orodha ya wanaostahili fidia ibandikwe hadharani ili majina ya watu wasiokuwapo yasipenyezwe, kwani tunajua fedha za wanyonge huota jamaa wengi. Udongo upimwe na kuondolewa, si kufunikwa kwa kifusi, maana fidia iliyolipwa juu ya udongo uleule ni kodi ya pango ya sumu. Damu ya kila mtoto wa kijiji hicho ipimwe bila malipo kwa miaka kadhaa ijayo, pamoja na ya mama wajawazito, na shule zao zipewe walimu wa kuwasaidia walioachwa nyuma. Jina na cheo cha kila ofisa aliyeidhinisha kiwanda hicho kiendelee kufanya kazi vitajwe bungeni. Na matokeo ya vipimo vyote yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa mahali ambapo mwenye kuteka maji atayaona: katika ubao wa chifu, mlangoni mwa zahanati, na penye bomba.